Jinsi ya kubishana kuhusu sizoni za kurudi nyuma kwenye muda (kwa kutumia Dark na Timeless)

Kabla ya yote, hapa nataja mambo mpaka ya mwisho kabisa ya Dark, na ya Timeless pia, kwa hiyo kama hujazimaliza na unapanga kuziangalia acha kusoma sasa hivi, nenda kaziangalie kwanza, utarudi.

Mi ni mtu wa sizoni za muda, nazipenda kweli, na nimebishana na watu kuhusu hizi stori mpaka chai inapoa. Kitu nilichokuja kugundua ni kwamba ugomvi karibu wote hauhusu mashine wala fizikia, unahusu kumbukumbu. Mtu akikwambia "hapa kuna tobo kwenye stori", mhoji kidogo tu, utakuta anachomaanisha ni kwamba huyu alitakiwa akumbuke mbona hakumbuki, au huyu hakutakiwa kukumbuka imekuwaje anakumbuka. Ukishalijua hilo ndo unajua pa kuanzia.

Anzia kwenye sheria ya sizoni yenyewe. Siyo sheria unayoitaka wewe, sheria waliyoiweka wao. Dark, ile ya Wajerumani iliyotoka Netflix tarehe 1 Desemba 2017, sizoni mbili za kwanza zote inakwambia kitu kimoja, yaliyotokea yametokea, ukirudi nyuma kwenda kuzuia jambo utakuta wewe ndo uliyelisababisha. Timeless ya Marekani, iliyoanza Oktoba 2016, yenyewe inasema kinyume, historia inabadilika, na wale waliopanda mashine wanabaki na kumbukumbu za dunia ya zamani, waliobaki nyumbani wote wanaamka na kumbukumbu za dunia mpya wala hawajui kama kuna kitu kimepita. Sasa mtu akiichambua Dark kwa sheria ya Timeless mtakesha, kwa sababu atakuwa anauliza mbona Ulrich, yule polisi anayerudi nyuma kumtafuta mwanae, hajabadilisha kitu wakati hapo hakuna cha kubadilika tangu mwanzo.

Ngoja nikae kidogo kwa Helge Doppler wa Dark maana huyu ndo mtihani mzuri kuliko wote. Ulrich anafika 1953, anamkuta Helge bado mtoto, na anaamini huyu mtoto akikua ndo atakayewateka watoto wa mji, akiwemo mwanae Mikkel. Anampiga kwa jiwe akidhani amemuua. Ukirudi nyuma kwenye episodi za mwanzo ukamwangalia Helge wa 1986 akiwa mtu mzima, sikio na upande ule wa uso vimeshaharibika, yaani kovu tumelionyeshwa kabla hatujaonyeshwa kipigo. Hapo sheria imeshasemwa bila mtu kufungua mdomo. Halafu sasa, Helge mzee wa 2019, ambaye akili yake imeanza kumtoka, anarudi 1986 na kumgonga kwa gari Helge mwenyewe wa mwaka ule ili amzuie asiendelee na ule ubaya. Mzee anakufa, yule wa 1986 anapona. Watu wanauliza, na ni swali la haki kabisa, kama yule wa 1986 alipona basi alikua mpaka kuwa huyu mzee, kwa hiyo mzee alitakiwa akumbuke kwamba aliwahi kugongwa na kibabu na hakufa, sasa kwa nini ajisumbue? Jibu langu ni kwamba mantiki haijavunjika hapo hata kidogo. Kukumbuka kwamba jambo lilishindikana hakumzuii mtu mwenye majuto kujaribu tena, na huyu ni mzee ambaye kumbukumbu zake zinakuja na kupotea. Unaweza kusema hukupenda, lakini huwezi kusema ni tobo.

Na hapo kuna tofauti ambayo ningependa kila mtu aishike. Kuna tobo la mantiki, yaani mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na kuna jambo ambalo linawezekana ila ni gumu kuamini kwa binadamu wa kawaida. Ukivichanganya hivi viwili mabishano hayaishi. Mfano ni lile swali maarufu la Mikkel. Mtoto anapotea Novemba 2019, anaangukia 1986, anakulia palepale Winden, mji wenyewe wa stori, kwa jina la Michael Kahnwald, anaoa, anazaa. Mama yake mzazi Katharina yuko mji huohuo, mwaka 1986 alikuwa msichana wa shule. Baadaye anamzaa Mikkel na kumlea mpaka anafika miaka 11 akiwa na sura ileile ya yule mtoto wa 1986. Mbona hakushtuka? Mi naweza kumtetea Katharina, sura ya mtoto wa watu uliyekuwa unapishana naye ukiwa kijana, miaka thelathini na kitu imepita, nani anaikumbuka? Lakini rafiki yangu mmoja alinibana vizuri sana, akaniambia haya, Katharina mwache, Hannah je? Hannah alimjua Mikkel kuleee 1986 wote wakiwa watoto, akaja kuolewa naye, halafu 2019 mtoto wa rafiki zake anapita mbele yake kila siku na sura ya mumewe ya utotoni. Hapo nilinyamaza. Mpaka leo naona ni sehemu dhaifu, nakubali kabisa, ila ni udhaifu wa kuamini, siyo wa mantiki. Hakuna kanuni ya stori iliyovunjwa kwa Hannah kutogundua.

Hatua nyingine, na hii ni ya karatasi na kalamu, usifuate kalenda, fuata umri wa mtu. Watu wengi wanajipoteza kwa sababu wanapanga matukio kwa mwaka. Chukua mhusika mmoja, chora mstari wake tangu anazaliwa mpaka anakufa kama yeye alivyoyaishi, na kila pointi andika chini yake anajua nini. Huyohuyo Mikkel, ana miaka 11, ni Novemba 2019, halafu bado ana miaka 11 ila ni 1986, halafu anakua, anafika miaka arobaini na kitu, anajinyonga tarehe 21 Juni 2019. Ukiangalia kalenda unaona mtu amekufa Juni halafu akapotea Novemba, kichwa kinauma. Ukiangalia mstari wake mwenyewe umenyooka kabisa. Na utaona jambo ambalo mi lilinisisimua nilipolichora mara ya kwanza, kwamba kwa karibu miaka 11 mtu mzima na mtoto ambaye ni yeye mwenyewe waliishi mji mmoja, mmoja anajua na mwingine hajui. Jonas, mtoto wa Mikkel na Hannah, naye mchore hivyohivyo, wote watatu ambao ni yeye mwenyewe kwa umri tofauti, kijana, yule Mgeni mwenye ndevu, na Adam. Sheria ya kumbukumbu kwa hao ni rahisi tu, mkubwa lazima awe ameshaishi kila alichoishi mdogo. Kwa hiyo ukitaka kumkamata mwandishi, mkamate hapo, tafuta sehemu ambapo mkubwa anashangaa jambo ambalo tuliona mdogo analishuhudia. Ukilipata hilo umepata hoja yenye nguvu.

Timeless inataka karatasi ya aina nyingine, kwa sababu pale mtu mmoja anabeba dunia ambayo haipo tena. Episodi ya kwanza Lucy, mhusika mkuu, anaenda 1937 kwenye ajali ya ndege-puto ya Hindenburg, ambayo kwenye historia yetu ya kweli iliungua Lakehurst, New Jersey, tarehe 6 Mei na kuua watu 36. Kule kwenye stori mambo yanabadilika, watu waliotakiwa kufa wanapona. Lucy anarudi nyumbani, mama yake aliyemwacha mahututi kwa kansa ni mzima, na mdogo wake Amy hayupo. Siyo kwamba amekufa, hajawahi kuzaliwa. Mama hamjui, hakuna picha ukutani, hakuna chochote, ila kidani alichokuwa amevaa Lucy safarini bado kina picha ya Amy ndani. Hicho kidani ndo sheria nzima ya sizoni kwenye kiganja, kilichokuwa ndani ya mashine kinabaki. Mtu akikuuliza inakuwaje picha ipo na mtu hayupo, mwonyeshe hapo. Na kuna dada mmoja bosi wao, Ajenti Christopher, aliielewa sheria hii kuliko wote, alimpa Lucy flashi yenye picha na kumbukumbu za familia yake amtunzie, ili siku wakirudi na kukuta watoto wake hawajawahi kuwepo awepo mtu wa kumwambia kwamba walikuwepo. Mi sehemu hiyo iliniliza, sifichi.

Halafu jifunze kusubiri kabla ya kutangaza tobo. Amy alifutika kwa sababu yule Henry, baba yao, kwenye dunia mpya alioa mwanamke mwingine aliyetokana na mtu aliyepona Hindenburg, kwa hiyo hakuwahi kukutana na mama yao. Ukisikia hivyo swali linakuja lenyewe, sasa Lucy mwenyewe mbona yupo? Ningekuwa nabishana siku hiyo ningeapa kwamba wameboronga. Kumbe ndo kidokezo chenyewe, baadaye tunajua Henry hakuwa baba mzazi wa Lucy. Kwa hiyo ukiona kitu kimepinda andika swali pembeni, weka namba ya episodi, endelea kuangalia. Kama sizoni imeisha na swali bado liko palepale, hapo lilete mezani kwa kujiamini. Kwa mfano hili, Lucy anaporudi anakuta ana mchumba ambaye hamjui kabisa. Sasa yule Lucy mwingine, aliyeishi kwenye dunia mpya akapendwa akachumbiwa, alienda wapi? Nimesikia watu wakisema naye alipanda mashine akapotea, wengine wanasema hakuwahi kuwepo, ni dunia tu ilijipanga kama vile alikuwepo. Sizoni inatuacha na Lucy wetu tu. Swali kama hilo usilazimishe jibu, kila mtu aseme lake na aseme limesimama kwenye tukio gani.

Na kumbukumbu ya mwisho ya kuchunguza ni yako wewe mtazamaji. Dark sizoni ya pili ilitoka Juni 2019, mwaka mmoja na nusu baada ya ile ya kwanza, ya tatu ikaja tarehe 27 Juni 2020. Katikati hapo tulisahau mengi na tukajaza mapengo kwa kubuni bila kujua tunabuni. Niliwahi kubishana na jirani masaa mawili nzima kuhusu nani alikuwa kwenye handaki mwaka gani, kuja kugundua yeye aliangalia kopi iliyotafsiriwa, sauti ya mtafsiri imefunika maongezi na ule mwaka unaoandikwa kwenye skrini haukusomwa. Hakuwa mbishi, alikuwa ameangalia stori nyingine. Kwa hiyo kabla ya kubisha ulizaneni kwanza, umeangalia ipi, ya Kijerumani chenyewe na maandishi ya chini, au ya sauti ya Kiingereza, au ya kutafsiriwa? Halafu rudini kwenye tukio lenyewe mliangalie tena wote, dakika tano zinatosha kuliko kelele za masaa mawili. Netflix waliwahi kuweka hata tovuti ya ukoo wa Dark ambapo unachagua umefika episodi ya ngapi ili usionyeshwe ya mbele, kama bado ipo itumieni.

Ukitaka kujipima kama umeiva, chukua tukio la mwisho la Dark. Jonas na Martha, msichana anayempenda, wamezuia ile ajali ya gari ya 1971 iliyokuja kuifanya dunia ya asili ipasuke zikazaliwa dunia zao mbili, hizo mbili zimefutika, inabaki ile ya asili. Watu wako mezani wanakula, Hannah ana mimba, taa zinazima, anaanza kulikodolea macho koti la mvua la njano, kama lile alilokuwa akivaa Jonas, na anasimulia ndoto aliyoota, dunia iliisha. Anahisi kama amewahi kuwa hapo. Wanamuuliza mtoto atamwita nani, anasema Jonas ni jina zuri. Sasa anza, sheria ya sizoni ni ipi hapo? Mstari wa huyu Hannah unasemaje, kuna siku yoyote aliyowahi kulijua lile koti? Mi nimeuchora mara nyingi na kwenye karatasi yangu hakuna. Huyu Hannah hajawahi kuwa na mtoto aliyepotelea kwenye mapango, hajawahi kuishi ile dunia hata dakika moja, kwa hiyo kwa sheria yao wenyewe hana pa kulikumbukia. Kwa hiyo kwangu mimi hili ndo tobo la kweli pekee ambalo niko tayari kulisimamia kwenye episodi zote 26, na nimeshalisimamia mbele ya watu wanaoipenda Dark kuliko mimi. Wenzangu wanasema dunia zilipasuka kutokea hii ya asili kwa hiyo lazima kuna kitu kilivuja, nawasikiliza, nawaambia nionyesheni tukio. Bado hawajanionyesha, na kila nikiliona lile koti moyo unanienda mbio vilevile.