Instagram, TikTok au WhatsApp? Namna ya kuchagua mtandao wa kuuzia biashara ndogo

Wafanyabiashara wenzangu hapa Keko, Dar es Salaam, wakinijia na swali la mitandao, wanaanza na jina la mtandao: "Dada, nifungue TikTok?" "Eti Facebook siku hizi haina watu?" Mimi naanzia kwingine. Mteja wako wa mwisho kulipa alitokea wapi, na kabla ya kutoa hela yake alikuwa na wasiwasi gani? Ukishayajua hayo mawili, mtandao wa kuutumia hauna ubishi. Usipoyajua utafungua akaunti tano, utaposti kila siku, bando litakatika, na mwisho wa mwezi hutaweza kusema ni ipi imekuletea mtu.

Sisi ni watu wa fanicha: vitanda, makabati, meza za chakula, sofa. Mume wangu na vijana wako karakana, mimi niko na simu, oda na wateja. Nimekaa pia na jirani anayeoka keki, na shoga yangu anayeuza vitenge kwa jumla Kariakoo, na dada anayepika chakula cha mchana kwa watu wa maofisini. Kila mmoja ameishia kwenye mtandao wake, na hakuna aliyekosea.

Anza na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye mitandao ni vilevile. Chukua daftari la kawaida, piga mistari upate safu tano: tarehe, alichonunua, anakaa wapi, ametufahamuje, na aliuliza nini kwanza. Kila anayelipa mwandike, hata wa elfu tano.

Unavyouliza kuna maana yake. Ukimwambia mteja "umetuona Instagram, eh?" atakuitikia tu ili yaishe. Muulize "umetufahamuje?" kisha nyamaza, umwache aseme. Utasikia "shemeji yangu alinirushia picha", utasikia "kuna video ya kijana anapiga randa mlango", utasikia "nilikuwa napita tu na daladala". Huyo wa daladala naye mwandike. Kama wengi wako wanapita barabarani, fedha yako ya kwanza ipeleke kwenye kibao kizuri na taa ya nje, mitandao ifuate.

Anayeuza kila siku, kama chakula au vocha, mwezi mmoja unamtosha kuona picha. Anayeuza vitu vikubwa kama sisi asubiri miezi mitatu hivi.

Sasa rudi kwenye ile safu ya mwisho, maana ndiyo yenye siri. Mteja wa keki anasema: "Naomba nione ulizowahi kutengeneza." Mteja wa chakula anauliza: "Leo kuna nini?" Mama wa duka la vitenge kule Kahama au Songea anauliza: "Mzigo mpya umeingia?" Mteja wangu wa kitanda anauliza: "Ni mninga kweli?" Maswali manne, na kila moja lina mahali pake.

Anayetaka kuona kazi zako za nyuma anafaa Instagram, kwa sababu picha zinabaki zimepangwa, anazipitia moja moja hata saa sita usiku, na zile stori nzuri unaweza kuzibandika juu ya ukurasa zisipotee: "Harusi", "Watoto", "Sendoff". Anayeuliza leo kuna nini hahitaji hayo yote. Stetasi ya WhatsApp inafutika yenyewe baada ya saa 24, na pilau ya leo kesho haipo, kwa hiyo zinakwenda sawa. Dada yule anapiga picha sufuria saa nne asubuhi, anaweka bei, na saa tano oda zinaanza kuingia. Wanunuzi wa jumla wa mikoani wanataka kupata habari kabla ya wengine, na kwao grupu la WhatsApp linatosha, mradi wewe peke yako ndiye unayeruhusiwa kuandika, vinginevyo litajaa salamu na dua na mzigo hautaonekana.

Na yule anayeuliza kama ni mninga kweli? Hapo nitakaa kidogo.

Onyesha kile anachokiogopa

Watu wengi wa mji huu wana historia ya kununua kitanda kinachong'aa dukani, baada ya miezi kikaanza kulia kila mtu akigeuka. Vanishi inaficha mambo. Paini iliyopakwa rangi vizuri, ukiipiga picha kwa mbali, inafanana na mninga, na mteja analijua hilo. Picha safi ya kitanda kilichokamilika haimwondolei wasiwasi hata kidogo. Kinachomtuliza ni kuona mbao ikiwa bado uchi: ile kahawia ya mninga yenye michirizi, ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu lake na kugongwa mpaka ukae, unene wa chaga ukilinganishwa na kidole cha fundi. Hayo yote yanaonekana kwenye video tu, na ndiyo sababu mimi nimeweka nguvu zangu TikTok. Hatuongei mengi. Mikono inaonekana, sauti ya randa inasikika, na maneno mafupi juu ya video: aina ya mbao, kipimo, bei, "Keko, Dar es Salaam".

TikTok ina jambo moja zuri kwa mtu anayeanza: video inaweza kuwafikia watu wasiokufuata kabisa, kwa sababu mtandao huo unawapelekea watu wanachopenda kukitazama. Ubaya wake ni huohuo. Utapata maoni kutoka Nairobi, Lubumbashi, mpaka Muscat, watu wanakusifu na mioyo wanatuma, lakini kitanda cha sita kwa sita hakitasafiri kwenda huko. Kwa hiyo mimi siangalii waliotazama ni wangapi. Naangalia waliouliza usafiri wa Bunju, Chanika au Kibaha.

Wewe jiulize hivyohivyo kwa bidhaa yako. Mteja wa vipodozi anaogopa feki na anaogopa kuharibika ngozi. Mteja wa nguo anaogopa saizi na kitambaa kisichofanana na picha. Mteja wa keki anaogopa kuchelewa siku ya shughuli. Hofu ikiwa inaondoka kwa picha, nenda penye picha. Ikiwa inaondoka kwa kuona kazi ikifanyika, nenda penye video. Ikiwa inaondoka kwa kuongea na wewe tu, mitandao mikubwa mingine iache kwanza.

Kaunta iwe WhatsApp

Popote mteja atakapokuona, mwisho atakuja WhatsApp. Kwa hiyo chukua mtandao mmoja wa kuonekana, na WhatsApp Business iwe kaunta yako. Ni bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida ukiwa na laini mbili. Jaza jina la biashara, saa za kazi na ramani. Weka katalogi yenye picha na bei. Andaa majibu ya haraka kwa yale maswali yanayojirudia kwenye daftari lako. Halafu tumia lebo. Mimi ninazo hizi: Ameuliza, Kalipa kianzio, Kipo karakana, Tayari, Amechukua. Asubuhi nikifungua simu najua nani wa kumpigia.

Ukitaka kutuma tangazo kwa wengi kwa mkupuo, ile orodha ya kutuma ya WhatsApp (broadcast) inabeba hadi watu 256, lakini ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Basi mteja akiwa bado mbele yako, mwombe aihifadhi hapohapo.

Suala la bei nalisema kila mara: andika bei. "Bei inbox" inafukuza watu. Mwenye hela anaona aibu kuuliza, anadhani utampandishia kwa kumwangalia sura. Asiye na hela atakuuliza na kukupotezea muda. Kama bidhaa yako ni ya oda, andika bei ya kuanzia na inachobeba: "Kitanda 5 kwa 6, mninga, bila godoro, kuanzia Sh 850,000, usafiri wa kirikuu juu ya mteja." Atakayekutafuta baada ya hapo ameshakubaliana na nusu ya mazungumzo.

Na jina litakalotokea kwenye simu yake anapolipa Lipa Namba lifanane na jina la ukurasa wako. Mteja aliyekuwa tayari kulipa kianzio akiona jina la mtu asiyemjua anasitisha, na ana haki, matapeli ni wengi.

Mitandao mingine kwa ufupi

Facebook usiidharau. Watu wazima wanaojenga, walioko mikoani, wapo kule kwenye magrupu ya ujenzi na viwanja, na mtu anayemalizia nyumba ndiye anayetafuta milango na makabati. Tena ukiposti Instagram unaweza kuiruhusu iende na Facebook hapohapo bila kazi ya ziada.

X, ile Twitter ya zamani, ilifungwa hapa nchini Mei 2025. Kama wateja wako wako Dar, usipeleke duka mahali ambapo mpaka mtu atafute njia ya kuzunguka ndipo akuone. Mwenye wateja Kenya afikirie kivyake.

LinkedIn inamfaa anayeuza kwa maofisi, shule na hoteli, lakini hao watakuomba TIN (namba ya mlipa kodi), leseni na risiti ya EFD, ile ya mashine, kabla ya kuuliza rangi ya meza. Jipange kwanza na hayo.

Google Maps si mtandao wa kijamii, ila iweke. Mteja anayetoka Mbagala na dereva wa kirikuu wote wataomba lokesheni.

Jaribu kabla ya kuamua

Ukibaki njia panda kati ya mitandao miwili, ipime. WhatsApp ina linki za wa.me unazoweza kuziwekea ujumbe ulioandikwa tayari. Instagram weka linki inayoanza na "Habari, nimewaona Instagram", na kwingine "Habari, nimewaona Facebook". Mteja akibonyeza, ujumbe unajiandika wenyewe, yeye anautuma tu, nawe huna haja ya kukisia. TikTok ikiwa haijakuruhusu kuweka linki, andika namba kwenye video yenyewe. Posti kitu kilekile pande zote mbili kwa wiki kadhaa, kisha hesabu waliolipa, si walioweka mioyo.

Pima na uwezo wako. Video inakula bando na inataka mwanga. Sisi tunapiga asubuhi kwenye ukingo wa karakana kabla jua halijawa kali. Kama kazini kwenu hakuna anayeweza kushika simu kwa utulivu dakika kumi kwa siku, chagua mtandao wa picha.

Tangazo la kulipia lije mwisho. Libusti lile posti ambalo tayari limeleta maswali bila kulipiwa, chagua mkoa unaoweza kufikisha mzigo, na uweke lengo watu wakuandikie WhatsApp. Utahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Anayekuja kukuuzia wafuasi elfu kumi mwambie hapana, wafuasi hao hawalali kitandani.

Picha ziwe zako. Sofa ya Uturuki uliyoitoa mtandaoni italeta mteja mwenye hasira. Kama ni picha aliyoleta mteja, andika "sampuli ya mteja", kisha bandika kando yake ulichokitengeneza. Ukipiga picha ndani kwa mtu, omba ruhusa kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, sebule ya mtu ni sebule ya mtu.

Akaunti iwe mali yako

Kina mama wengi wamefunguliwa akaunti na kijana wa mitandao kwa barua pepe yake na namba yake. Siku mkikosana, wateja wote wanaondoka naye. Badilisha leo: barua pepe yako, laini yako, na uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa. Ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha ni mtu wa kampuni ya simu.

Na namba za wateja ziandike kwenye lile daftari. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa hapa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye namba kwenye karatasi alipiga simu ya kawaida, akawaambia wateja wake oda zao zimefikia wapi.

Akaunti ambayo daftari linaonyesha haileti mtu, usiifute, kwa kuwa jina lako linaweza kuchukuliwa na tapeli. Weka posti moja ya mwisho yenye namba, mahali mlipo na mtandao mnaoutumia sasa, ibandike juu kabisa, badilisha nywila, kisha uiache.