Namna ya Kuandika Daftari la Urithi wa Mtaa Bagamoyo, kwa Mfano wa Tervuren

Tervuren ni manispaa ya wasemao Kiholanzi iliyo mashariki mwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, pembezoni mwa msitu mkubwa uitwao Zoniënwoud. Katika jimbo lake la Flanders majengo ya kale yameorodheshwa moja moja kwenye daftari la serikali ambalo yeyote anaweza kulisoma kwa intaneti, na tangu mwaka 1989 hutengwa siku moja kila Septemba ili milango ya majengo hayo ifunguliwe kwa wananchi. Bagamoyo tuna Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani na Caravan Serai, kituo cha kale cha misafara, na hizo zinafahamika. Zinazopotea ni nyumba za kawaida za Mji Mkongwe, na kuziandika ni kazi ambayo wakazi wenyewe wanaweza kuifanya.

Chagueni eneo dogo, yaani njia moja tu yenye nyumba kumi au kumi na tano, kwa sababu anayetaka kuandika mji mzima kwa mkupuo huishia njiani. Nendeni kwanza kwa mtendaji wa kata mpate barua ya utambulisho, kwani mtu anayepita akipiga picha milango ya watu bila barua huonekana dalali wa viwanja.

Kila nyumba ipewe ukurasa wake. Andikeni kuta ni za nini, mawe ya matumbawe na chokaa au udongo na fito, kisha pimeni upana wa vyumba. Katika nyumba nyingi za mawe mtaona vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari lilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliompangia fundi upana wa chumba. Kipimo hicho kiandikwe hata kama paa la zamani limeshang'olewa na kuwekwa mabati, maana kinaonyesha nyumba ilivyokuwa.

Mlango ndio unaotaka subira kuliko vyote. Pigeni picha ya mlango mzima, halafu kizingiti cha juu peke yake, mfaa, yaani ubao wa katikati ya mlango, peke yake, na misumari ya shaba kama ipo. Pakiwa na maandishi ya Kiarabu, yanakiliwe herufi kwa herufi na mtu anayeyasoma vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi kabla ya 1940, lakini ulinzi huo ni mgumu kutekelezwa pale ambapo hakuna anayeweza kuonyesha mlango ulikuwa wapi na ulifananaje. Nimewahi kusimama mbele ya nyumba ambayo mahali pa mlango pamezibwa kwa matofali ya saruji, na katika majirani wote hakupatikana hata mmoja mwenye picha yake. Jambo hilo bado linaniuma.

Baada ya nyumba waandikwe watu, na hapa Tervuren inatufundisha kwa kosa lake pia. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, aliandaa maonyesho huko, wakaletwa Wakongo 267 ili watazamwe na umma. Saba kati yao walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la manispaa hiyo. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Katika jumba la makumbusho lililotokana na maonyesho hayo ukuta mmoja uliandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo, wakati Wakongo hawakuwa na ukuta wowote. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, msanii wa Kongo Freddy Tsimba alikuwa ameyaweka majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha yanayoelekeana na ukuta ule, na jua likipiga, vivuli vya majina hayo huangukia juu ya majina ya Wabelgiji.

Kwa hiyo kila ukurasa uwe na nafasi ya mwashi, mchonga mlango, mpishi, mpagazi na yaya, si ya mwenye nyumba peke yake. Hapa kwetu watu wengi wanajua kwamba mwili wa David Livingstone ulilazwa Misheni Februari 1874, na majina ya Chuma na Susi, watumishi wake waliouleta mwili huo kwa msafara kutoka bara, yanatajwa, lakini wengine waliotembea katika msafara ule ni wachache wanaoweza kuwataja.

Majina hayo wanayo wazee, na namna ya kuuliza ndiyo inayoamua mtapata nini. Nilipomuuliza bibi mmoja barazani kwake nyumba ilijengwa mwaka gani, alinijibu, “Miaka sijui, mwanangu.” Nilipomuuliza ni nani walioolewa wakitokea humo, alihesabu kwa vidole mabiharusi wa vizazi vitatu, akataja na fundi aliyepaka chokaa kabla ya kila harusi. Ulizeni basi harusi, misiba, mavuno ya nazi na majahazi. Shikamoo itangulie, kinasa sauti kiwashwe kwa idhini, na maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni kauli zote mbili na jina la kila msemaji, bila kuchagua mshindi.

Nakala ziwe tatu: moja ofisi ya kata, moja shuleni, moja kwa familia yenye kabati lisiloingia mchwa, kwani unyevu wa pwani hula karatasi upesi. Kisha chagueni siku moja ya mwaka, wenye nyumba walioridhia wafungue ukumbi na ua, na daftari liwekwe wazi barazani pamoja na kalamu, ili anayejua jina lililokosekana aliandike palepale.