Kununua Subaru WRX STI iliyotumika: pima injini kabla ya kuzungumza bei

Wengi wanaotafuta STI huanza na rangi, rimu na mlio wa ekzosti. Hivyo vyote vinabadilishwa kwa wikiendi moja. Injini haibadilishwi hivyo, na injini ya turbo iliyochezewa na fundi asiyeijua inaweza kukufikia ikiwa imebakiza miezi michache tu.

Kwanza hakikisha ni STI kweli, maana nembo ya rangi ya waridi inauzwa dukani. Fungua boneti usome kibati cha chasisi. Kwa magari ya soko la Japani, STI ya kuanzia 2000 hadi 2007 ni GDB, ya hatchback iliyotoka mwishoni mwa 2007 ni GRB, na ya 2014 hadi 2019 ni VAB. VAB ilitoka na gia 6 za mkono peke yake. Ukioneshwa gari la umbo hilo lenye gia ya otomatiki, hilo ni WRX S4, chasisi VAG, lenye injini ya FA20 na gia boksi ya CVT. S4 ni gari zuri, lakini usililipie bei ya STI. Kwenye kizazi cha hatchback, otomatiki ni A-Line, chasisi GRF, yenye injini ya lita 2.5 badala ya EJ207, injini ya STI ya Japani ya lita 2.0.

Linganisha pia namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari au logbook. Namba hiyo imegongwa juu ya bloku, karibu na inapoungana na gia boksi. Zikitofautiana, injini ilishabadilishwa: muulize muuzaji kwa nini, na kama mabadiliko yalisajiliwa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo STI nyingi utakazoziona Nairobi zimeshapita mikononi mwa watu kadhaa hapa hapa. Tanzania gari la zamani linaingia, ila ushuru unaongezeka kwa sababu ya umri. Kwa vyovyote, omba karatasi ya mnada ya Japani na uihakiki kwa namba ya chasisi, usitegemee picha ya WhatsApp. Daraja 4 au 4.5 ni zuri. R au RA maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Soma kilomita za siku ya mnada, kisha tazama za leo kwenye dashibodi.

Siku ya ukaguzi, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika bloku kwa mkono. Ikiwa na joto, ahirisha. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, hapo pana tatizo kubwa, kwa sababu injini za EJ, yaani familia ya EJ207, zikikosa oili huanza kugonga ndani: beringi za konrodi ndizo zinazoanza kwenda, na turbo hufuata. Kisha washa usikilize. Mlio mwepesi wa pistoni kugonga injini ikiwa baridi, unaopotea injini ikipata moto, ni wa kawaida kwa Subaru. Mlio wa kugonga unaobaki au kuongezeka injini ikishapata moto ni habari nyingine. Kuusikia vizuri, panda hadi mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, achia mafuta, usikilize wakati injini inashuka. Ukisikia ko-ko-ko inayofuata mizunguko, ondoka.

Moshi wa bluu baada ya gari kusimama likiunguruma dakika chache unaonesha oili inapita kwenye turbo au sili za valvu. Mapovu kwenye chupa ya maji ya rejeta, au harufu ya moshi humo, ni gasketi ya silinda hedi. Tatizo hilo ni la EJ25, ya lita 2.5, zaidi kuliko EJ207.

Kipimo kisichokwepeka ni cha kompresheni, yaani shinikizo ambalo kila silinda inaweza kujenga. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekatwa na pedali imekanyagwa hadi mwisho. Usishangae namba za Nairobi zikiwa chini ya za Mombasa au Dar es Salaam: kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na usomaji unashuka karibu asilimia 17. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi asilimia 10. Silinda ya 4, ya nyuma kushoto, ndiyo mara nyingi inayotangulia kuumia: kingo za pistoni zinazoshikilia ringi hupasuka. Ikiwa moja iko chini, fanya kipimo cha uvujaji, yaani kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inakotokea. Hewa ikisikika kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Muuzaji akikataa vipimo hivi, amekujibu.

Barabarani, weka gia ya 4 kwenye mizunguko 2,000 ukanyage mafuta yote. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi. Kisha shuka kutoka ya 4 hadi ya 3 bila haraka. Ikikwaruza, sinkronaiza imechoka. Mwisho, weka DCCD, kidhibiti cha difu ya kati, kwenye Auto, kata usukani wote na zunguka polepole uwanjani. Gari likishikilia na kurukaruka, kagua difu ya kati na matairi. Mzingo wa matairi yote manne usitofautiane zaidi ya milimita 6, la sivyo difu hiyo inafanya kazi muda wote na kuungua.

Sasa marekebisho, ambako injini nyingi hufia. EJ207 ya Japani imepangiwa petroli ya oktani 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiongeza shinikizo la turbo juu ya petroli hiyo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Bomba la hewa lisilo la kiwandani nalo hupotosha usomaji wa sensa ya hewa, na bila kompyuta kupangwa upya injini hukosa mafuta ya kutosha. Kwa hiyo uliza nani aliipanga, lini, kwa petroli gani, na uone kumbukumbu za upangaji huo. Jambo lingine: STI ya Japani ya turbo ya twin-scroll, yenye njia mbili za moshi, haina ule mngurumo wa kubwatabwata unaosikika kwenye Subaru nyingine. Ukiusikia, manifoldi ya ekzosti imebadilishwa. Kati ya gari mbili zenye hali sawa, chukua isiyoguswa.

Tenga asilimia 15 hadi 20 ya bei kwa matengenezo ya mwanzo. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugonga pistoni. Kama hakuna risiti, hesabu haujabadilishwa. Badilisha pamoja na tensheni, puli zake na pampu ya maji. Nunua lita 5 za oili ya sintetiki 5W-40, usipitishe kilomita 5,000 kati ya mabadiliko, na pasua filta ya kwanza uangalie kama ina vumbi linalometameta. Hilo ni beringi.