Morali ya kuweka akiba ikiisha katikati ya mwaka, fanya hivi

Hapa Uganda Januari kila mtu ni mtu wa mipango. Unaandika kwa kidaftari, mwaka huu naweka milioni moja na laki mbili, nanunua mabati, ama nalipia pikipiki yangu mwenyewe niache kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni. Alafu ikifika Juni ukimuuliza mtu seving imefika wapi anabadilisha stori. Naandika hii kwa ajili ya mtu wa Juni, si wa Januari, kwa sababu Januari hakuna anayehitaji kusukumwa.

Na niseme mapema ninavoona mimi. Wengi hawashindwi kwa sababu pesa ni kidogo, wanashindwa kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Karo imeingia, mtoto ameumwa, kuna msiba kijijini, wiki mbili tatu hujaweka kitu, basi unaanza kuona aibu hata kufungua kile kidaftari, na aibu ikikaa mwezi unajiambia si nitaanza upya mwaka ujao. Pesa ya karo haikuua lengo, ile aibu ndo imeliua. Kwa hiyo karibu kila kitu nachoandika hapa kinahusu huo mwezi mbaya, jinsi ya kuungoja na jinsi ya kutoka ndani yake.

Anza na bei. "Nataka kuweka akiba" si lengo, hata mtoto anaweza kusema hivo. Nenda hardware uulize bati la geji 28 ni ngapi leo, unataka mangapi, misumari na mbao je, andika jumla yake na tarehe uliyouliza. Ukiwa na bei ya kweli akili inakubali kuumia kidogo, kwa sababu wiki hii umeweka bati moja, wiki ile bati moja na nusu, si noti tu zinazoingia mahali huzioni. Ukifika nusu ya mwaka rudi uulize tena bei maana vitu vinapanda, ni bora ujue mapema kuliko kushtuka Desemba.

Alafu gawanya kulingana na jinsi pesa inavoingia kwako wewe. Hapa naona watu wakikosea sana, wanachukua ushauri wa mtu wa mshahara wanaupeleka kwa mtu wa boda. Mwalimu analipwa mwisho wa mwezi, sawa, laki moja kwa mwezi ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, akate siku ileile mshahara unapoingia. Lakini mtu wa steji anashika pesa kila siku, huyo elfu nne kwa siku mara siku 300 inampa ileile milioni moja na laki mbili, na bado ana siku 65 za mvua, za Idi, za pikipiki kulala gereji. Mtu wa kahawa kule Mbale ama Masaka hana mwezi, ana msimu, asijitese na lengo la kila wiki, aweke kipande kikubwa akiuza alafu atulie.

Sasa fika kwa jambo kubwa. Chukua kalenda, ile ya ukutani ya bure kabisa, uweke alama kwa wiki ambazo unajua hazitakuwa na pesa. Hapa Uganda si siri, muhula wa kwanza unafungua Februari, wa pili karibu mwisho wa Mei, wa tatu Septemba, kila muhula una karo na daftari na sabuni na ile orodha ya shule ambayo kila mara ina kitu kipya. Ongeza Idi kama unasherehekea, ongeza kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, ya mtu wa karibu ambayo tayari umeingizwa kwa kamati, ongeza wakati wa kulima kama una shamba. Ukihesabu utakuta kama wiki kumi na mbili hivi zimeenda. Usiogope. Wiki 52 toa 12 zinabaki 40, na 40 mara elfu thelathini ni milioni moja na laki mbili kamili. Ungegawanya kwa wiki zote 52 ungepata kama elfu ishirini na tatu, inaonekana nafuu lakini ni uongo, kwa sababu hizo 12 hungeweka hata shilingi na ungejiona umefeli mara kumi na mbili. Ukipanga sifuri, sifuri yenyewe ni sehemu ya plani.

Kuna mama mmoja anauza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni Busia, kitabu chake cha kikundi cha akiba anakiweka ndani ya kavera mbili za plastiki chini ya kile kikombe cha kupimia, hakipati hata harufu. Alikifungua mbele ya wateja bila kuficha chochote, kurasa zimejaa mihuri ya bluu imepangana, alafu katikati kuna mistari mitupu kabisa. Kijana mmoja akamuuliza, mama, hapa ulikuwa wapi? Akalowesha kidole akageuza ukurasa, akasema, "Mwanangu, hizo ni za karo. Nilijua zitakuwa wazi tangu Krismasi." Akaendelea kupima mukene. Huyo mama huwezi kumvunja morali, kwa sababu mwezi mbaya ulimkuta anaungoja.

Kama hauko kwa kikundi cha aina hiyo, tafuta. Ni vile vikundi vya kijijini vya sanduku, mfumo ulioanza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE na leo umejaa Uganda nzima. Mnakubaliana bei ya hisa moja, kila kikao mtu ananunua hisa moja mpaka tano, anagongewa muhuri kwa kitabu, sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, mwisho wa mwaka mnagawana pamoja na faida ya mikopo. Uzuri wake kwa upande wa morali ni mbili. Kwanza unaiona akiba kwa macho, muhuri baada ya muhuri. Pili, watu wanakungoja kila wiki, ukikosa wanauliza uko salama? Kashi raundi na nigiina, ile michango ya kupokezana kwa zamu, pia ni nzuri lakini ni kitu kingine, pale unapokea zamu yako na inaisha, kwa lengo la mwaka mzima mimi napendelea sanduku.

Na kama unaweka peke yako nyumbani kuna ile ya karatasi ya wiki 52, unaanza na elfu moja, wiki ya pili elfu mbili, mpaka wiki ya mwisho elfu hamsini na mbili, jumla inakuja 1,378,000. Hesabu ni nzuri ila ukiifuata kwa mstari inakupeleka pabaya, wiki nne za mwisho peke yake zinataka 202,000 na hiyo ni Desemba, nani ana hiyo pesa Desemba? Basi usifuate mstari. Chora viboksi 52, andika namba zote, bandika ndani ya mlango wa kabati, kila wiki chagua namba unayoiweza ukate. Wiki nzuri unakata arobaini na nane, wiki mbaya unakata tatu. Kazi ni kutoacha wiki ipite bila kukata, ukiacha zile ulizopanga sifuri. Wakati mwingine watoto ndo wanakuwa wakali kuliko wewe, wanauliza baba leo hukati?

Pesa ikae wapi? Isikae kwa laini ya simu unayotumia kulipa umeme na kutuma nyumbani, hapo ni chovya chovya humaliza buyu la asali. Na kutoa pesa kwa mobile money kuna ada ya mtandao, na tangu 2018 kuna ushuru wa serikali juu yake, sasa hivi ni asilimia 0.5, yani ukitoa laki mbili ushuru peke yake ni elfu moja, hujahesabu ile ada. Benki zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Uganda zina mfuko wa kulinda amana, benki ikifungwa unalindwa mpaka milioni kumi. SACCO, yani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hazimo kwa mfuko huo, kwa hiyo kabla ya kujiunga uliza leseni, uliza mkutano mkuu wa mwisho ulikuwa lini, uliza wanachama wa zamani kama wanatoa pesa yao bila kuzungushwa. Na kama tayari umekusanya kipande, hati za muda mfupi za serikali (treasury bills), pale unaikopesha serikali kwa faida, zinaanzia laki moja, zipo za siku 91, 182 na 364, unapitia benki yako, na kwa muda wote huo pesa haipo mfukoni kukutania.

Kitu nakataza kabisa ni kubeti ili ufidie wiki ulizokosa. Nimeona vijana wazuri, wenye nidhamu, wameweka miezi mitano, wakakosa mwezi mmoja wakataka kuurudisha kwa wikendi moja ya mpira. Vilevile yale magrupu ya WhatsApp ya weka laki uchukue laki tatu kwa siku kumi. Mtu aliyebaki nyuma ndo wanamtafuta, kwa sababu ana haraka.

Familia nayo ni jambo la kuongea kwa heshima. Hatuishi peke yetu na sitakwambia ukatae kila simu, huyo anayepiga leo ndo alikulipia mtihani zamani. Ila weka kimfuko kidogo kando kwa ajili ya mabugo (michango ya msiba) na wagonjwa na michango ya harusi, hata elfu tano kwa wiki, na kiwe tofauti kabisa na lengo. Hapo simu ikija una jibu la kweli: "Shemeji pole sana, mwezi huu nina elfu ishirini ya kukusaidia, ile nyingine iko kwa sanduku mpaka Desemba." Huo si uongo, si kiburi, na watu wengi wanaelewa kuliko unavodhani. Mwambie pia mume ama mke wako kiasi chote, lengo la siri ndani ya nyumba halifiki mbali, mmoja anafunga mkanda na mwingine anashangaa kwa nini nyama imepotea.

Haya, mwezi mbaya umekuja na haukuwa kwa kalenda. Umekosa wiki sita. Usijaribu kulipa deni la wiki sita kwa siku moja, utakamua biashara ama utakopa na mwezi unaofuata utakuwa mbaya zaidi. Wiki hiihii weka kiasi kidogo kabisa, hata elfu mbili, pesa ya rolex ile chapati ya mayai, ili kidaftari kifunguliwe tena, hiyo tu. Wiki inayofuata rudi kwa kiwango chako cha kawaida. Alafu kaa chini na kalamu uchague moja: lengo lishuke, milioni moja badala ya moja na mbili, ama tarehe isogee mpaka Februari. Vyote viwili ni halali. Mabati ya Februari yanazuia mvua sawasawa na ya Desemba. Na kama ulitoa pesa kwenye akiba yenyewe, iandike kama mkopo, tarehe na sababu, na utarudisha kiasi gani kwa wiki, kwa sababu pesa iliyotoka bila kuandikwa haina mtu wa kuidai.

Ukifika robo ya lengo jipongeze kidogo, kuku na soda na watu wa nyumbani, itoke kwa matumizi ya kawaida si kwa akiba.

Na siku ya kugawana, iwe ni kikundi ama wewe mwenyewe unavunja kibubu, uende ukiwa na karatasi tayari imeandikwa, mabati kiasi hiki, fundi kiasi hiki, karo ya Februari kiasi hiki. Nenda na mtu wa nyumbani. Pitieni hardware siku hiyohiyo kabla hamjafika nyumbani, chukueni risiti, na kabla ya kutoka kwenye kikao nunua hisa ya kwanza ya mwaka mpya hata kama ni moja tu, mwandishi agonge muhuri wa kwanza hapohapo ukiwa bado una pesa mkononi.