Boti ya Matanga Inunuliwe Mwisho

Wengi huanza na tangazo. Picha ya boti nyeupe iliyotweka matanga, bei ambayo mtu akijibana anaifikia, na kabla ya usiku keshaipatia boti jina. Kushika usukani na kusoma upepo, anasema, atajifunza akishakuwa nayo. Mimi ningeugeuza mpango huo: boti iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Asiyejua kuiendesha hajui anataka boti ya namna gani, na anayemuuzia analijua hilo tangu dakika ya kwanza ya mazungumzo.

Jifunzie kwenye kidau, kile cha tanga moja na mtu mmoja, chenye urefu wa mita 4 hivi. Kidau hakikufichi kitu. Ukikaza demani, kamba ya kuvutia tanga, kupita kiasi kinalala ubavu, ukisahau kuinama mti wa chini ya tanga unakukumbusha kichwani, na ukipuuza yote mawili unalowa. Boti kubwa ina uzito unaosamehe makosa hadi siku upepo unapokuwa mkali, ndipo hugoma kusamehe.

Chukua jambo moja tu, kugeuza boti wakati wa kwenda bisho. Hakuna boti inayokwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Inakwenda mshazari, nyuzi 45 hivi kutoka unakovuma, kisha inageuza na kwenda mshazari upande wa pili. Unapogeuza, omo, yaani pua ya boti, inapita katikati ya upepo na tanga linapigapiga kama shuka kwenye kamba. Ukisita hapo sekunde mbili, mwendo unaisha. Boti inasimama ikiutazama upepo, halafu inaanza kurudi kinyumenyume, na sasa usukani unafanya kazi kinyume na ulivyozoea. Mwanafunzi huvuta zaidi upande uleule na kushangaa. Ukikutwa na hali hii mara kumi kwenye kidau, mkono unajifunza wenyewe. Ukikutwa nayo mara ya kwanza kwenye boti ya tani 5 mbele ya mwamba, somo linakuwa ghali.

Baada ya kidau, tafuta kozi ya boti yenye chumba. Uingereza, kwa mfano, chama cha Royal Yachting Association kina kozi ya siku 5 ya kumfanya mtu awe baharia wa kutumainiwa, kabla ya ile ya kumfundisha unahodha wa safari za mchana. Kisha panda boti za watu. Manahodha wa mashindano ya mwisho wa wiki mara nyingi wana upungufu wa mikono, na asiyelalamika akipewa kamba hualikwa tena. Halafu kodi boti kwa wiki nzima, pamoja na hao unaodhani utasafiri nao. Mvua inyeshe, nanga iburuzike usiku, choo kizibe. Kuna ndoto nyingi za kuzunguka dunia zilizokufa siku ya tatu kwa sababu ya choo, na heri zife kwa gharama ya kukodi.

Sheria za njia usiziache mpaka baadaye. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, hazimpi mwenye matanga haki ya kupita kila mahali, ingawa wengi hudhani hivyo. Kati ya boti mbili za matanga, inayopokea upepo ubavu wa kushoto huipisha inayoupokea ubavu wa kulia. Zikiwa na upepo upande mmoja, iliyo joshini, yaani upande upepo unakotoka, huipisha iliyo chini ya upepo. Anayempita mwenzake ndiye wa kukaa mbali, hata kama anatumia tanga na mwenzake injini.

Sasa boti yenyewe. Wageni wa bahari hupenda kununua kubwa. Lakini boti ya kawaida ya matanga ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake majini: zidisha kipeuo cha pili cha urefu huo kwa futi na 1.34, upate maili za baharini kwa saa. Urefu wa mita 7.5 unakupa karibu 6.6, mita 10 zinakupa karibu 7.7. Umeongeza mita mbili na nusu, umepata maili moja. Wakati huohuo gati mara nyingi hutozwa kwa mita, matanga yanakuwa mazito na kila kamba inavuta kwa nguvu zaidi. Robin Knox-Johnston, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kusimama bandari yoyote, mwaka 1968 na 1969, alikuwa na boti ya futi 32 tu. Iliitwa Suhaili, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kulizoea.

Kuhusu pesa, wenye boti hupenda kutenga asilimia 10 ya thamani yake kila mwaka kwa gati, bima, rangi ya chini na matengenezo. Kwa boti kuukuu ya bei ya chini hesabu hiyo inadanganya. Injini mpya haiulizi wewe ulinunua boti kwa bei gani.

Ukienda kuikagua, usianzie kwenye mito na mapazia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, kwa hiyo wewe anzia ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Inua mbao za sakafu, ingiza mkono. Kama kuna maji, chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia, pengine kwenye shimo la mhimili wa propela au kwenye vali ya bomba. Yakiwa hayana chumvi, ama tangi linavuja ama mvua inapita kwenye sitaha. Jaribu kila vali kwa mkono. Iliyoganda ni ya kubadilishwa. Tazama boliti za mkuku, ule uti wa chini ya boti, kama zina kutu inayotiririka. Panda juu, gongagonga sitaha kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito uliokufa unaashiria kwamba ubao uliofichwa ndani ya faibaglasi umelowa. Uliza waya zinazoshikilia mlingoti zina miaka mingapi, kwa sababu baada ya 10 hadi 15 hudaiwa kubadilishwa hata kama zinang'aa.

Injini uikute baridi. Iguse, ikiwa ya moto, muuzaji amekutangulia, na ujue kwa nini. Moshi mweusi usiokoma ni wa dizeli isiyoungua yote, wa buluu ni oili inayoungua.

Yote hayo hayachukui nafasi ya mkaguzi. Umwajiri wewe mwenyewe, asiwe rafiki wa muuzaji, boti itolewe majini aipime chini, na makubaliano yaandikwe kwamba akikuta ubovu mkubwa unarudishiwa amana. Karatasi nazo: nani mmiliki, kuna mkopo juu yake, kodi ililipwa, na namba iliyochongwa mwilini ni ileile ya kwenye hati?

Vifaa nitavitaja haraka. Jaketi okozi ya kila mtu yenye mkanda wa kupita mapajani, redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, unayojua kuitumia kwenye chaneli 16 ya wito na dharura, na amari, yaani mnyororo au kamba ya nanga, ya kutosha: ukitia nanga kwa mnyororo, toa angalau mara 5 ya kina, ukianza kuhesabu kutoka omo na si kutoka usawa wa maji; kwa kamba, mara 7. Na ukumbuke kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye tanga inaongezeka mara nne.

Siku ya kwanza ya umiliki usialike mtu. Toka asubuhi upepo umelala, ning'iniza maboya ya kukinga ubavu pande zote mbili, ujifunze kurudi nyuma kwa injini. Boti nyingi zikirudi huvuta tezi, yaani sehemu ya nyuma, upande mmoja. Tafuta yako inavuta upande gani, mara ishirini, kabla hujaingia gatini huku watu wanakutazama.