Namna ya kusoma lebo ya chakula cha kilimo hai kabla hujalipa

Geuza pakiti kwanza. Upande wa mbele ni wa kuuzia: picha ya shamba, rangi ya kijani, maneno kama "asilia" au "halisi". Hayo hayathibitishi kilimo hai. Unachotafuta ni jina au msimbo wa chombo kilichokagua.

Kwa bidhaa zinazofuata kanuni za Umoja wa Ulaya, nembo ni jani lililochorwa kwa nyota nyeupe 12 juu ya kijani, na karibu nayo kuna msimbo wenye sura ya FR-BIO-01: herufi mbili za nchi, neno la kilimo hai, kisha namba ya mkaguzi. Kwa bidhaa za Marekani, soma chini ya jina la mtengenezaji. Aliyetoa ithibati lazima atajwe hapo. Pakiti yenye nembo lakini haina mkaguzi, irudishe rafuni.

Kisha soma viwango. Nchini Marekani, bidhaa iliyoandikwa "ya kilimo hai" iwe na angalau asilimia 95 ya viambato hivyo. Iliyoandikwa "imetengenezwa kwa viambato vya kilimo hai" inaanzia asilimia 70, na hairuhusiwi kubeba nembo ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani. Chini ya hapo, maneno hayo hubaki ndani ya orodha ya viambato tu.

Piga hesabu mwenyewe. Chupa ya sosi ya nyanya ina gramu 500. Toa maji yaliyoongezwa gramu 95 na chumvi gramu 5, kwani havihesabiwi. Zimebaki 400. Asilimia 95 yake ni 380, kwa hiyo gramu 20 tu ndizo zinazoweza kutoka kwingine, nazo si kwa kujichagulia: sheria ina orodha ya vinavyokubalika. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na mara nyingi kinyota huwekwa kwenye kile cha kilimo hai. Kinyota kikiwa kwenye giligilani mwishoni mwa orodha na nyanya haina, usilipe bei ya juu.

Kwa matunda yasiyofungashwa, angalia namba kwenye stika. Ndizi ya kawaida ni 4011. Ya kilimo hai ni 94011. Ile 9 ya mbele inasaidia, ila ni utaratibu wa hiari wa wauzaji. Haichukui nafasi ya cheti.

Kosa tunaloliona mno ni kudhani kilimo hai maana yake hakuna dawa. Mbolea za chumvichumvi za viwandani, mbegu zilizobadilishwa vinasaba na kuhifadhi kwa mionzi vimekatazwa. Lakini pareto, mafuta ya mwarobaini na hata salfeti ya shaba vinaweza kutumika kwa masharti. Kwa hiyo osha, kama unavyoosha vya kawaida.

Kuhusu lishe, tusidanganyane. Mapitio ya Chuo Kikuu cha Stanford ya 2012 hayakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula hivi vina virutubisho zaidi. Mengine ya 2014 yalikuta vizuia-oksidishaji (viambata vinavyosaidia kulinda seli za mwili) vingi zaidi na kadimiamu, metali yenye sumu, kidogo zaidi katika mazao ya kilimo hai. Yote mawili yanakubaliana kwamba mabaki ya viuatilifu hupatikana humo kwa nadra zaidi. Fedha ikiwa haba, itumie kwenye vinavyoliwa na ganda, kama stroberi, tufaha na mboga za majani. Parachichi na nanasi za kawaida zinatosha, unatupa ganda.

Tufaha la kawaida lioshe hivi: yeyusha gramu 10 za bekingi soda (si magadi) katika lita moja ya maji, vijiko viwili vya chai hivi, loweka dakika 12 hadi 15, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Hiyo huondoa sehemu kubwa ya dawa iliyo juu ya ganda. Iliyopenya ndani haitoki. Ukiihofia, menya, ingawa nyuzi lishe nyingi huondoka na ganda. Sabuni usitumie kabisa, tunda huinyonya.

Nunua kidogo kidogo. Matunda ya kilimo hai hayapakwi dawa za ukungu za viwandani baada ya kuvunwa, na viazi havipuliziwi kemikali za kuzuia kuchipua. Viazi viweke gizani penye ubaridi na hewa, mbali na vitunguu, na usivioshe mpaka siku ya kupika.