Namna ya Kuchunguza na Kutunza Utumbo Wenye Uvimbe wa Muda Mrefu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye ameharisha kwa zaidi ya wiki nne, anayeona damu au ute katika choo, anayepungua uzito bila kukusudia, na ambaye huenda ameshameza dozi mbili au tatu za metronidazoli kwa kuambiwa kwamba ana amiba, ilhali choo chake hakijapimwa hata mara moja. Unamfaa pia ndugu anayemuuguza. Hauchukui nafasi ya daktari; unakusudia kumwezesha mgonjwa aelewe kinachotokea ndani ya ukuta wa utumbo wake, ili akifika hospitalini ajue aulize nini kwanza na nini baadaye, kwa kuwa katika maradhi haya dawa nzuri ikitangulizwa mahali pasipo pake inaweza kuua.

Upande wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka moja tu la seli, zilizoshikamana ubavu kwa ubavu kwa viungio vya protini vinavyozuia bakteria wasipenye katikati yake. Tabaka hilo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5, kwa seli changa zinazozaliwa katika vishimo vidogo vya ukuta. Juu yake pametandazwa ute, ambao katika utumbo mpana una matabaka mawili: la nje, ambamo bakteria huishi, na la ndani, zito zaidi, ambalo kwa mtu mwenye afya huwa karibu halina bakteria. Chini ya seli hizo ndiko iliko sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili mzima, na kinachonistaajabisha kila ninapoitazama hali hii ni utulivu wake. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza wavamizi, humeza bakteria waliopenya bila kuzua ghasia, kingamwili za aina ya IgA huwanasa wengine kabla hawajaufikia ukuta, na seli T za udhibiti, ambazo nazo ni seli za kinga, huzituliza seli nyenzake zinapotaka kushambulia chakula au bakteria wasio na madhara.

Uvimbe, yaani ukuta kuwaka kwa mashambulizi ya kinga na si uvimbe wa saratani, huanza utulivu huo unapovunjika. Ukuta ukitoboka, bakteria hufika mahali pasipo pao, seli za kinga hutoa protini za kuita msaada, mojawapo ikiwa TNF, na neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, humiminika kutoka katika damu. Neutrofili huua wadudu kwa kemikali kali ambazo hazichagui adui na mwenyeji, hivyo huunguza pia seli za ukuta, TNF nayo hulegeza viungio vilivyosalia, na bakteria zaidi hupenya. Maambukizi yakiisha, mzunguko huu kwa kawaida hukoma na ukuta hupona. Katika ugonjwa wa Crohn na katika kolaitisi ya vidonda haukomi. Ugonjwa wa Crohn, ambao Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliueleza mjini New York mwaka 1932, unaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula na kuzama katika unene wote wa ukuta; kolaitisi ya vidonda hubaki katika utumbo mpana na katika tabaka la juu. Mwaka 2001 ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa wa Crohn wenye asili ya Ulaya wana hitilafu katika jeni iitwayo NOD2, ambayo huzisaidia seli kutambua vipande vya bakteria. Kwa maneno mengine, kinga inayoshindwa kumtambua jirani yake mapema inaweza kuishia kupigana naye bila kikomo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumtafuta mvamizi kabla ya kuilaumu kinga, na kwa anayeishi Afrika Mashariki hatua hii haipaswi kurukwa kwa sababu yoyote. Peleka choo maabara kikiwa bado kibichi, ikiwezekana ndani ya nusu saa, kwa maana amiba hai hufa upesi na kikikaa hakionyeshi kitu. Fahamu pia kwamba kwa darubini amiba anayedhuru hufanana na ndugu yake asiyedhuru, isipokuwa anapoonekana amemeza chembe nyekundu za damu. Jibu la "amiba wameonekana" peke yake halitoshi kufunga mjadala. Ikiwa umewahi kuoga, kuvua au kulima mpunga kandokando ya Ziwa Victoria, omba kupimwa kichocho cha tumbo, na utoe choo cha siku tofauti, kwa sababu mayai yanaweza kuwa machache. Kichocho ni mfano bora wa jambo tunalolieleza: mayai ya mnyoo yanayonasa katika ukuta huzingirwa na seli za kinga zinazojenga vinundu, na ni vinundu hivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya madhara.

Pima pia virusi vya UKIMWI. Virusi hivi huziangamiza seli za kinga ziitwazo CD4 zilizo katika ukuta wa utumbo mapema sana, pengine mgonjwa akiwa bado anajiona mzima, na ukuta unaobaki bila walinzi hao huvuja.

Kifua kikuu ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko yote. Kinaposhika utumbo hupenda pale utumbo mdogo unapokutana na mpana, mahali hasa panapopendwa na ugonjwa wa Crohn, na dalili zake hufanana nao: maumivu ya upande wa kulia chini, homa, kukonda, kuharisha. Tiba zake, hata hivyo, zinapingana. TNF ile ile inayounguza utumbo wa mgonjwa wa Crohn ndiyo inayosaidia kuvishikilia vinundu ambamo vimelea vya kifua kikuu vimefungiwa. Ukimpa mwenye kifua kikuu dawa ya kuizuia TNF, kama infliksimabu, unavifungulia mlango vimelea hivyo. Prednisoloni, dawa nyingine ya kushusha kinga, nayo inaweza kuufanya ugonjwa wa mwenye amiba ulipuke. Usikubali kuanzishiwa dawa ya kushusha kinga kabla hujaulizwa historia ya kifua kikuu, hujapigwa picha ya kifua, wala choo chako hakijapimwa. Ukiona hayajafanyika, uliza kwa adabu lakini usinyamaze.

Maambukizi yakishaondolewa katika orodha, kipo kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini, protini inayojaa ndani ya neutrofili. Kwa mtu mzima, kiwango cha chini ya mikrogramu 50 kwa gramu kwa kawaida huashiria kwamba hakuna uvimbe wa maana, na kinachozidi 250 mara nyingi huonyesha uvimbe unaoendelea. Kipimo hiki husema kwamba neutrofili zimemiminika, lakini hakisemi zimeitwa na nini, na dawa za maumivu kama diklofenaki zinaweza kukipandisha. Jibu kamili hutoka kwenye kolonoskopi, yaani mpira wenye kamera, pamoja na vipande vidogo vya nyama vinavyochunguzwa maabara.

Wakati vipimo vinaendelea, acha kuuumiza ukuta. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu hununua dukani kwa maumivu ya mgongo, huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazoutunza utando wa ndani wa utumbo. Parasetamoli ni salama zaidi kwa utumbo. Sigara huuzidisha ugonjwa wa Crohn. Kuhusu chakula, bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzi za kunde, maharage, mtama na mboga za majani, na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta huo na pia huziongeza seli T za udhibiti. Hata hivyo, usijilazimishe kula maharage na dona uvimbe ukiwa mkali, au ikiwa umeambiwa utumbo umekuwa mwembamba kwa makovu. Wakati huo uji laini, wali, ndizi zilizopikwa na samaki vinafaa zaidi, na nyuzi zirudishwe taratibu ukishapata nafuu.

Ukithibitika kuwa na kolaitisi au Crohn na ukaanzishiwa dawa, usiache prednisoloni ghafla, kwani mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe. Dozi hushushwa hatua kwa hatua. Anayetumia dawa za kushusha kinga kama azathioprini au infliksimabu asichanjwe chanjo hai, yaani yenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, ikiwemo ya homa ya manjano, hivyo kabla ya safari ya nchi inayoidai, kama Uganda, azungumze na daktari kuhusu cheti cha msamaha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiharisha damu mara sita au zaidi kwa siku pamoja na homa au mapigo ya moyo kwenda mbio, au tumbo likivimba na kukakamaa. Dalili zikitulia, usiziache dawa kwa hilo tu, maana ukuta unaweza kuwa bado unaungua bila maumivu. Rudia kalprotektini, na ikiwa kolaitisi yako imeshika sehemu kubwa ya utumbo mpana, panga kolonoskopi ya kutafuta dalili za mapema za saratani ifikapo miaka 8 tangu ugonjwa uanze.